Uwanja Uliofagiliwa: Shule, Ardhi na Msitu wa Miombo katika Historia ya Lubumbashi

1.0 Utangulizi

Neno "makala" lina maana mbili miongoni mwa wasemaji wa Kiswahili. Kwa msomaji wa Dar es Salaam au Nairobi, makala ni maandishi yanayochapwa katika jarida. Kwa mkazi wa Lubumbashi, makala ni mkaa wa kupikia, unaoingia mjini kwa malori na kwa baiskeli zilizopakiwa magunia kupita kimo cha mtu anayezisukuma. Tofauti hiyo si ya lahaja tu. Katika maana ya pili ya neno hili imo sehemu kubwa ya historia ya msitu uliouzunguka mji huo kwa muda wa zaidi ya karne moja.

Makala haya, kwa maana ya kwanza, yanachunguza uhusiano wa shule na ardhi inayoizunguka katika mji wa Lubumbashi, makao makuu ya Mkoa wa Haut-Katanga, Jamhuri ya Kidemokrasia ya Kongo. Swali la msingi ni hili: uwanja wa shule umetumiwaje kufundishia, na je, unaweza kuwa mahali ambapo uoto wa asili unarejeshwa na wanafunzi wakajifunza kutokana na kazi hiyo? Hoja inayotetewa ni kwamba uwanja wa shule wa Lubumbashi umekuwa kwanza mahali pa kazi, kisha mahali pa usafi na nidhamu, lakini mara chache umekuwa kitabu cha kusomwa. Pamoja na hayo, maarifa ya kuuponya yamo mjini humo humo: katika chuo kikuu, na katika vinywa vya wazee wanaoijua miti kwa majina.

2.0 Ardhi ilivyokuwa

Lubumbashi iko juu ya uwanda wa Katanga, kiasi cha mita 1,200 hadi 1,300 kutoka usawa wa bahari. Mvua hunyesha hasa kati ya Novemba na Machi, na jumla yake kwa mwaka hukaribia milimita 1,200. Miezi ya Mei hadi Septemba ni ya kiangazi kikavu. Uoto unaolingana na hali hiyo ni miombo, yaani msitu wa wazi wenye miti ya jenasi za Brachystegia, Julbernardia na Isoberlinia, ambayo vilele vyake haviufungi mwanga, hivyo nyasi huota chini yake. Kando ya miombo kulikuwa na muhulu, msitu mnene wa nchi kavu ambao sasa umebaki vipande vichache, na dembo, bonde la nyasi linalotuamisha maji wakati wa masika. Kati ya miti huinuka vichuguu vya mchwa wa jenasi Macrotermes, vingine vikipita mita 5. Udongo wake wa mfinyanzi umejenga nyumba nyingi za mji kwa njia ya matofali.

Mambo mawili katika maumbile ya miombo yanahusu moja kwa moja mada hii. La kwanza ni kwamba mizizi ya miti yake mikuu huishi kwa ushirika na kuvu wa ardhini. Kuvu huupatia mti madini na maji, na mti huwalisha kuvu sukari. Uyoga unaouzwa sokoni Lubumbashi wakati wa mvua, kwa sehemu kubwa, ni tunda la ushirika huo. Mti ukiondoka, uyoga huo nao huondoka. La pili ni kwamba mti wa miombo uliokatwa haufi upesi. Kisiki chake huchipua tena, na chini ya ardhi hubaki mizizi hai kwa miaka mingi, mradi haikung'olewa wala kuchomwa kila mwaka. Kwa sababu hiyo, penye visiki hai, kuirejesha miombo huanza kwa kuiachia nafasi ichipue, kabla ya kufikiria kupanda.

Elimu hii haikutoka mbali. Chuo Kikuu cha Lubumbashi, kilichofunguliwa mwaka 1956, kilikuwa kituo cha utafiti wa miombo kwa miongo kadhaa. Katika miaka ya 1960 na 1970 François Malaisse na wenzake walichunguza msitu wa Luiswishi, kaskazini-mashariki ya mji: majani yanayoanguka, moto, wadudu, na vyakula ambavyo watu huvipata msituni. Mwaka 1997 Malaisse alichapisha kitabu kizima kuhusu vyakula hivyo. Baadaye, katika hifadhi ya Mikembo isiyo mbali na mji, watafiti walipima eneo la hekta 10 na kuorodhesha miti yake mmoja mmoja.

3.0 Uwanja wa kazi

Mji ulianzishwa na Wabelgiji mwaka 1910 kwa jina la Elisabethville, na mwaka huohuo reli kutoka kusini ikaufikia. Mwaka 1911 tanuri la Union Minière du Haut-Katanga, kampuni iliyoundwa mwaka 1906, lilianza kuyeyusha shaba kando ya mto Lubumbashi. Mji ulihitaji mbao, kuni, matofali na vyakula, na vyote hivyo vilitoka katika msitu au mahali palipokuwa msitu.

Elimu ya Waafrika ilikuwa mikononi mwa wamisionari. Wabenedikto na Wasalesio walishika sehemu kubwa ya shule za mji, na kampuni ya madini ilipoamua mwishoni mwa miaka ya 1920 kuwaweka wafanyakazi wake kambini pamoja na jamaa zao, shule za kambi nazo zilikabidhiwa wamisionari. Mpango wa elimu uliochapishwa na serikali ya kikoloni mwaka 1929 ulisisitiza kilimo na kazi za mikono katika shule za msingi. Ndivyo bustani ya shule ilivyokuwa jambo la kawaida kote Kongo ya Kibelgiji: mwanafunzi alilima, alipalilia na kuvuna, na mara nyingi mavuno yaliilisha shule yenyewe.

Haifai kuidharau bustani hiyo. Iliwatoa watoto darasani na kuwafundisha majira, mbegu na subira. Hata hivyo, somo lake la ndani lilikuwa moja: ardhi huanza kuwa na faida pale msitu unapoondolewa. Mti wa asili ulikuwa kizuizi cha jembe. Mtoto aliyejua kutoka kwa bibi yake kwamba chini ya mti fulani huota uyoga mwema hakuulizwa habari hiyo shuleni. Ilihesabiwa kuwa ni mambo ya kijijini, na shule ilikuwa njia ya kutoka kijijini.

4.0 Uwanja wa usafi

Baada ya uhuru wa mwaka 1960 bustani za shule zilififia katika shule nyingi za mjini. Sababu moja inaeleweka kwa urahisi. Wazazi waliompeleka mtoto "ku masomo", kama Wanalubumbashi wanavyoiita shule, walitaka apate kalamu. Jembe lilikuwa tayari limeshikamana na adhabu katika fikra za wengi. Hali hiyo haikuwa ya Kongo peke yake. Tanzania ilipotangaza Elimu ya Kujitegemea mwaka 1967, mashamba ya shule yalikusudiwa kuunganisha elimu na maisha. Lakini katika shule nyingi shamba liliishia kuwa mahali pa kufanyia kazi bila maelezo, na mwanafunzi aliyechelewa ndiye aliyepewa jembe. Nchini Zaire, katika miaka ya 1970, serikali ya Mobutu ilianzisha salongo, kazi ya lazima ya pamoja, ambayo ilihusu kufyeka, kufagia na kuzibua mifereji. Shule nazo zilishiriki.

Salongo iliimarisha mazoea yaliyokuwapo tayari: kufagia uwanja. Uwanja mwema ni uwanja usio na jani. Asubuhi wanafunzi huinama na mafagio, mistari ya fagio ikaonekana juu ya udongo mwekundu, na mwalimu akaridhika. Mazoea haya yana hekima yake. Palipofagiliwa nyoka huonekana, maji hayatuami, na watoto wana mahali pa kuchezea. Lakini kila jani linalofagiliwa na kuchomwa ni chakula kinachonyang'anywa udongo. Baada ya miaka mingi tabaka la juu hukazana, mvua ya Desemba hutiririka badala ya kuzama, na mmomonyoko huacha mizizi ya mwembe uliobaki ikining'inia hewani. Uwanja huwa safi, na papo hapo huwa umekufa.

Tangu serikali ilipotangaza elimu ya msingi bila malipo mwaka 2019, idadi ya wanafunzi katika shule za umma imeongezeka sana, na uwanja umezidi kukanyagwa. Mwalimu mwenye darasa lililojaa kupita kiasi hawezi kulaumiwa kwa kutofikiria uyoga. Hata hivyo, mwalimu huyohuyo ndiye anayehitaji nafasi ya pili ya kufundishia, na nafasi iliyopo ni ya nje.

5.0 Ardhi iliyougua

Lipo jambo linaloitenga Lubumbashi na miji mingine, nalo linamzuia mtu yeyote kuchukua mpango wa elimu ya nje kutoka ng'ambo na kuupanda hapo bila maswali. Moshi wa tanuri la shaba, uliotoka katika dohani ambayo pamoja na kilima cha mabaki ya madini imekuwa alama ya mji, ulipeperushwa kwa miongo minane hivi na pepo za kusini-mashariki. Salfa iliyomo iliufanya udongo uwe na asidi. Shaba, kobalti, zinki, risasi na kadmiamu zikaanguka juu yake. Upande wa kaskazini-magharibi wa tanuri, miombo ilikufa na ardhi ikabaki tupu. Uyeyushaji wa zamani ulikoma katika miaka ya mwanzo ya 1990, wakati kampuni ya Gécamines, iliyorithi migodi baada ya kutaifishwa kwake mwaka 1967, ilipoporomoka. Moshi ulipungua, lakini madini hayaozi. Yamo udongoni hadi sasa, na mji umepanuka ukajenga nyumba juu yake, kama ilivyo katika mtaa wa Penga Penga.

Kuporomoka huko kulikuwa na tokeo jingine. Wafanyakazi wasiolipwa mishahara na jamaa zao waliigeukia ardhi: wengine walilima pembezoni mwa mji, wengine walichoma makala. Hivyo msitu uliosalimika na moshi ulifikiwa na shoka. Mwaka 2009 watafiti wakiongozwa na Célestin Banza Lubaba Nkulu wa Chuo Kikuu cha Lubumbashi, kwa ushirikiano na wenzao wa Ubelgiji, walichapisha matokeo ya kupima mkojo wa wakazi wa maeneo ya migodi na viwanda vya Katanga. Kiwango cha kobalti kilikuwa cha juu kuliko vyote vilivyowahi kuripotiwa kwa watu wa kawaida wasiofanya kazi viwandani. Vumbi ni mojawapo ya njia zake, na mtoto hucheza karibu na vumbi kuliko mtu mzima.

Habari hii hubadilisha maana ya kumtoa mtoto nje. Mahali pengine ni jambo la furaha tu. Hapa, katika baadhi ya mitaa, ni jambo la afya. Uwanja mtupu uliofagiliwa ndio unaotimua vumbi zaidi. Kwa hiyo kuufunika udongo kwa mimea hai kuna kazi mbili: kunafundisha, na kunakinga.

Je, yawezekana? Jibu lilitafutwa Penga Penga penyewe. Mylor Ngoy Shutcha na wenzake wa Lubumbashi na Ubelgiji walijaribu kuotesha majani juu ya udongo huo uliojaa shaba, na matokeo yao ya kwanza yakachapishwa mwaka 2010. Wazo lao lilikuwa rahisi: Katanga ina vilima vya shaba vya asili, na juu yake kuna mimea iliyozoea sumu hiyo tangu kale. Mmea wa Haumaniastrum katangense, kwa mfano, unajulikana kama ua la shaba, na umewasaidia wanaakiolojia kutambua mahali palipoyeyushiwa shaba zamani. Watafiti walichagua nyasi za wenyeji, ikiwamo Microchloa altera, wakaongeza chokaa ili kupunguza asidi na mboji ili kuyazuia madini. Nyasi zilishika. Hazikuondoa shaba, bali ziliifunika na kuituliza mahali pake. Matokeo ya majaribio ya miaka mitatu, yaliyochapishwa mwaka 2015, yalionyesha tena kwamba mimea ya Katanga yenyewe ina uwezo wa kuivika ardhi ya Katanga.

6.0 Mifano miwili ya nje

Wazo la kuurejesha uoto wa asili na kuufanya kuwa darasa lina historia yake. Nchini Marekani, Chuo Kikuu cha Wisconsin kilianza mwaka 1935 kurejesha mbuga ya nyasi ndefu juu ya shamba lililochoka, na mahali hapo panahesabiwa kuwa pa kwanza pa aina yake. Mwaka 1991 chuo hicho kilianzisha mpango wa kuwafundisha walimu namna ya kurejesha vipande vidogo vya mbuga katika viwanja vya shule zao. Jambo la kuzingatia ni utaratibu: wanafunzi hawakuletwa kutazama mbuga iliyokamilika. Waliuchunguza udongo, wakatafuta habari za mimea iliyokuwapo zamani, wakakusanya mbegu na kupanda. Kazi ya kurejesha ndiyo iliyokuwa somo.

Mfano ulio karibu zaidi na wasemaji wa Kiswahili uko Bamburi, Mombasa. Machimbo ya kiwanda cha saruji yalikuwa yameacha jangwa la mwamba wa matumbawe. Mwaka 1971 René Haller alianza kujaribu miti ya aina mbalimbali. Iliyofaulu ilikuwa michache, mvinje ukiwa wa mbele. Lakini majani ya mvinje yalilundikana bila kuoza, mpaka walipoletwa majongoo waliyoyala na kuyageuza kuwa mboji. Baada ya hapo udongo ulianza kujengeka na mimea mingine ikafuata. Tangu mwaka 1984 mahali hapo pamekuwa wazi kwa wageni, na wanafunzi ni miongoni mwao. Mtoto anayeonyeshwa jongoo, mdudu anayedharauliwa, na kuambiwa kwamba huyu ndiye mjenzi wa msitu, hupata somo ambalo ubao haulitoi kwa urahisi.

Mifano hii hainakiliwi. Nyasi za Wisconsin si za Katanga, na mvinje wa pwani si mti wa miombo. Kinachofaa kuchukuliwa ni kanuni: chunguza ardhi ya mahali, rejesha kilicho chake, na uwaachie wanafunzi kazi yenyewe. Hapo ndipo urejeshaji unapotofautiana na upandaji miti wa sherehe, ambao mara nyingi huweka mistari ya mikaratusi siku moja ya mwaka na kuiacha ikauke.

7.0 Kalenda na majina

Lubumbashi ina bahati ambayo haijatumiwa. Mwaka wa masomo nchini Kongo huanza Septemba, na Septemba ndiyo miombo huvaa majani mapya, mengi yakiwa mekundu, kabla ya tone la kwanza la mvua. Mtoto anaporudi shuleni, msitu nao unafungua muhula. Novemba mvua huja na mbegu huota. Katika miezi inayofuata uyoga na viwavi wa kuliwa huingia sokoni. Mei nyasi hukauka. Na shule inapofungwa Julai, moto huanza. Mwalimu mwenye hata pembe moja ya uwanja isiyofagiliwa, yenye visiki viwili na kichuguu kimoja, ana mtaala wa mwaka mzima mbele yake.

Pamoja na kalenda kuna lugha. Mwaka 1974 wanaisimu wa Zaire walikutana Lubumbashi na kupendekeza lugha za taifa zitumiwe katika elimu. Miaka 40 baadaye, sheria ya elimu ya Februari 2014 ilizikubali lugha za taifa na za mazingira ya mtoto katika madarasa ya mwanzo. Lakini lugha haiingii darasani kwa sheria peke yake. Huingia pamoja na vitu inavyovitaja. Mti ambao Mtanzania huuita mninga, mzee wa Katanga huuita mulombwa. Mbura wa Tanzania ni mupundu huko, na matunda yaitwayo makusu upande mmoja ni masuku upande wa pili. Majina haya ya Katanga yametoka katika Kibemba na lugha jirani, na yamekuwa sehemu ya Kiswahili cha mji. Mwanafunzi asiyeuona mti hana haja ya jina, na jina lisilohitajiwa husahauliwa katika kizazi kimoja. Mjini Lubumbashi neno "makala" halina hatari ya kupotea. Yanayopotea ni majina ya miti iliyochomwa ikawa makala.

8.0 Hitimisho

Historia iliyoelezwa hapa inaonyesha kwamba uwanja wa shule si mahali pasipo na maana. Kila zama zimeuandika kwa mkono wake: jembe la koloni, fagio la salongo, vumbi la tanuri. Mambo matatu yanafuata. Kwanza, udongo wa uwanja upimwe kabla ya mtoto kupewa jembe au koleo, hasa katika mitaa iliyo upande ulikoelekea moshi. Chuo Kikuu cha Lubumbashi kina wataalamu wa kazi hiyo, na upimaji wenyewe unaweza kuwa somo la kwanza la kemia. Pili, urejeshaji uanze na kidogo: kona moja iliyozungushiwa uzio, isiyofagiliwa wala kuchomwa, ambapo visiki huachwa vichipue na, penye sumu, nyasi za wenyeji hupandwa pamoja na chokaa na mboji. Tatu, wazee waitwe, wakiwamo wachoma makala, kwa kuwa hao nao wanaujua msitu mti kwa mti, na wameulipia ujuzi huo kwa jasho.

Wahenga walisema samaki mkunje angali mbichi. Kwa muda mrefu methali hiyo imetumiwa kuhalalisha fagio na adhabu. Inaweza pia kumhusu mtoto anayejifunza kuacha jani lilipoanguka, akangoja mvua, na Januari akainama kutazama kilichoota chini yake.